Nashinda maktaba saa 14 kwa siku, na matokeo yanashuka

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa miaka 23, mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo cha hapa nchini, na ninasomea uchumi wa kilimo. Naomba usitaje jina langu wala la chuo, kwa sababu darasani tuko wachache na wapo wanaosoma safu yako. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii ya nne naituma kabla sijaisoma tena.

Natoka wilaya ya Kiteto, mkoani Manyara. Mama yangu ni mkulima wa mahindi, na ndiye aliyetulea peke yake, mimi na wadogo zangu wawili. Katika ukoo wetu hakuna aliyefika chuo kikuu kabla yangu. Nilipochaguliwa, mkopo wa serikali haukufunika ada yote, kwa hiyo mama aliuza magunia manane ya mahindi ambayo yangewalisha nyumbani hadi mavuno. Kila Jumapili jioni hunipigia simu, na swali lake la kwanza, hata kabla ya kuniuliza kama nimekula, huwa ni lile lile: "Unasoma, baba?"

Nasoma, Shangazi. Au tuseme nipo maktaba. Mlango ukifunguliwa saa mbili asubuhi mimi huwa nimekwisha kusimama kwenye foleni. Naacha begi pale mapokezi, napewa kibao cha namba, napanda ghorofa ya tatu na kukaa kwenye kiti cha dirishani, kwa kuwa pale ndipo penye soketi inayofanya kazi. Natoka kengele ya kufunga ikilia saa nne usiku. Ukiondoa vipindi na safari moja ya kwenda kula, maisha yangu yote yako kwenye kiti kile. Yule kijana wa mapokezi hanisubiri tena nichague kibao. Hunipa namba 47 kila siku, na wenzangu wameanza kuniita kwa namba hiyo.

Mwaka wa kwanza nilipata GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.9. Mwaka wa pili nikashuka hadi 3.1, na somo moja nikalifanyia mtihani wa marudio, ambao sisi tunauita sapu. Nilijiambia kwamba sikupiga msuli vya kutosha, ndipo nikaanza ratiba hii. Sasa nasoma desa lile lile, yaani maandishi ya somo, mara tano au sita, nakolezea rangi hadi ukurasa wote unakuwa wa njano, lakini nikiingia kwenye chumba cha mtihani ninakumbuka ukurasa ulivyokuwa na sikumbuki ulichosema.

Mwezi uliopita nilisinzia juu ya kitabu. Mama mmoja mkutubi, mtu mzima, aliniamsha kwa kuvuta kiti cha jirani yangu taratibu, akaketi. Hakunigombeza. Aliandika nyuma ya karatasi ya kuazimia vitabu: "Jumatano saa 10 jioni, chumba cha chini." Nilikwenda kwa kumheshimu tu. Nilikuta wanafunzi kama kumi na wawili, na dada mmoja aliyefunzwa na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi kuwa mshauri rika. Tulifanya mazoezi ya kuvuta pumzi, kisha kila mmoja akaeleza wiki yake ilivyokwenda, halafu wengine wakacheza bao na wengine wakatoka kutembea kuzunguka viwanja. Nilicheza bao. Nilicheka, Shangazi, kicheko cha sauti, na nikagundua kwamba sikuwa nimecheka hivyo tangu Pasaka.

Usiku ule nilijiona mwizi. Mama yupo shambani, mimi nacheza bao. Hata hivyo nilirudi Jumatano iliyofuata, na ile ya tatu. Ijumaa baada ya Jumatano ya tatu tulifanya jaribio la takwimu, nikapata alama 9 kati ya 20. Tangu siku hiyo sijarudi kule chini, na nikimwona yule mama mkutubi ninapita upande wa pili wa rafu.

Kuna na jambo la utafiti. Ninataka kuandika juu ya wakulima wanaohifadhi mahindi katika mifuko ile isiyopitisha hewa, kinga njaa, na kwa nini wengine wameiacha. Mwaka 2016, watu walipokufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mimi nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka hofu iliyoingia majumbani kwetu. Msimamizi wangu ananitaka nisome makala za kimataifa. Kila nikiifungua moja kwenye kompyuta inanidai dola 39 na senti. Kijana mmoja mwenye kibanda cha kuchapa karatasi aliniuzia makala sita kwa Sh5,000 kila moja. Mbili kati yake zilikuwa ni muhtasari tu. Sijawahi kumuuliza mkutubi. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaanzaje kuuliza jinsi ya kutafuta makala?

Malazi sikupata mwaka huu, nabebana na rafiki yangu kwenye kitanda chake hosteli. Fedha za kujikimu ninatuma kiasi nyumbani kwa ajili ya mdogo wangu aliye sekondari.

Rafiki yangu anasema niende kwa mshauri nasaha wa chuo. Ofisi hiyo iko kwenye korido moja na ya nidhamu, na wanafunzi wote wanajua anayeonekana pale ana kesi au ana wazimu. Mwingine ananishauri niahirishe mwaka nikapumzike nyumbani. Nikifikiria kushuka kwenye basi pale Kibaya, mjini kwetu Kiteto, na begi langu katikati ya muhula, mwili unaisha nguvu. Wakati mwingine usiku natamani nilale tu, nisiamke mpaka yote haya yawe yamekwisha.

Naomba unishauri, Shangazi. Je, niendelee na kile kikundi cha Jumatano au niachane nacho hadi nimalize chuo? Na je, niahirishe mwaka?

Kibao Namba 47

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na nashukuru kwamba hii ya nne hukuichana. Kabla ya kikundi, kabla ya GPA na kabla ya kuahirisha, naomba nianzie na sentensi yako ya karibu na mwisho, ile ya kutamani kulala na usiamke mpaka yote yawe yamekwisha. Watu huisema wakiwa na maana ya uchovu tu, na wengine huisema wakiwa na maana nzito zaidi, na mimi niliye mbali siwezi kujua wewe ulimaanisha ipi. Kwa hiyo nakuuliza waziwazi, kama ambavyo ningekuuliza ukiwa umeketi barazani kwangu: je, kuna wakati unafikiria kujidhuru? Kama jibu ni ndiyo, hata kama ni ndiyo ya kusitasita, basi usisubiri Jumatano wala usisubiri jibu jingine kutoka kwangu. Mwambie leo yule rafiki unayelala naye kitanda kimoja, akusindikize kituo cha afya cha chuo au hospitali iliyo karibu, na umwombe asikuache peke yako usiku huo. Kama jibu ni hapana, yaani ni uchovu, bado ni uchovu wa kiwango cha kumwambia mtu ana kwa ana.

Sasa tuje kwenye mambo yako. Nikikuelewa sawasawa, unasema hivi: matokeo yameshuka, ukaongeza saa za kukaa maktaba, yakaendelea kushuka, ukapata mahali panapokupa nafuu mara moja kwa wiki, kisha ukafeli jaribio, ukahitimisha kwamba nafuu ile ndiyo iliyokuponza. Na sasa unaniuliza uikate nafuu au uyakate masomo. Ninaona kwamba katika machaguo yote mawili uliyoniletea, kile kiti cha dirishani umekiacha kama kilivyo, hukigusi. Nitathubutu kukigusa mimi.

Saa 14 ni nyingi, mwanangu. Mimi nilisoma enzi za kadi za katalogi, tukifungua droo za mbao na kunakili namba za vitabu kwa penseli, na ninakumbuka jinsi maktaba inavyoweza kumsitiri mtu. Maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 2018, ilijengwa kupokea watu zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja. Katikati ya vichwa 2,000 vilivyoinama, nani atajua yupi anasoma na yupi anasubiri usiku upite? Wewe mwenyewe ulianza kuandika "nasoma" ukajirekebisha ukaandika "nipo maktaba." Sidhani kama kalamu iliteleza. Nadhani unaijua tofauti.

Kisha kuna lile la malazi, ambalo umelitaja kwa sentensi moja mwishoni kana kwamba halihusiani na lolote. Unabebana na mwenzako kwenye kitanda cha mtu mmoja. Ina maana huna meza ya kusomea, huna pa kuweka daftari, na pengine huna raha ya kurudi mapema chumbani kwa mtu aliyekustiri. Je, inawezekana kwamba unakaa maktaba hadi kengele ilie kwa sababu huna pengine pa kuwa? Na ukifika kule kitandani saa nne na nusu, unalala saa ngapi za usingizi wa kweli? Wataalamu wa usingizi huwashauri vijana wa umri wako walale kati ya saa saba na tisa, kwa sababu ubongo hutumia usingizi kuyapanga na kuyatia nguvu yale mtu aliyojifunza mchana. Anayelala kwa kujikunja ukingoni mwa godoro la mwingine, akiwa amekula mlo mmoja kwa kuwa sehemu ya fedha zake za kujikimu imekwenda kumsomesha mdogo wake, huenda anajaza maji kwenye pakacha. Sikulaumu kwa kumsaidia mdogo wako, nakuomba tu uihesabu gharama hiyo mahali pake, badala ya kuiandika kwenye daftari la "sikupiga msuli vya kutosha."

Kuhusu namna ya kusoma, nina neno moja ambalo huenda likakusaidia zaidi ya mengine yote, kwa kuwa umenieleza kasoro yenyewe kwa ufasaha kuliko vitabu vingi: unakumbuka ukurasa ulivyokuwa, hukumbuki ulichosema. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walichapisha jaribio ambapo wanafunzi walisomeshwa vifungu vya habari. Baadhi walirudia kuvisoma tena, na baadhi walifunika karatasi wakaandika walichokumbuka. Walipopimwa baada ya dakika tano, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Walipopimwa baada ya wiki moja, mambo yaligeuka: waliojilazimisha kukumbuka ndio waliobaki na mengi zaidi. Kurudia desa mara ya sita kunakupa hisia ya kwamba umelijua, maana macho yamelizoea. Kumbe mtihani hauyaulizi macho. Jaribu wiki moja tu: soma mada ya takwimu mara moja, funga daftari, chukua karatasi tupu na utatue swali la mtihani wa miaka iliyopita bila kuchungulia. Itauma, na utajiona hujui kitu. Ila nakuahidi haitachukua saa 14.

Na hapa ndipo ninapotaka kukuuliza juu ya zile alama 9. Ulipata sapu mwaka wa pili, wakati hicho kikundi cha Jumatano hukijui hata kwa jina. Matokeo yalianza kushuka kabla ya bao, kabla ya kuvuta pumzi, kabla ya mama mkutubi kukaa kiti cha jirani. Kwa nini basi ilipofika Ijumaa ile, mshtakiwa wa kwanza akawa ni kicheko chako? Jumla ya muda ulioutumia kule chini kwa Jumatano tatu haifiki nusu ya siku moja unayoshinda dirishani. Ninajiuliza kama hukukihukumu kikundi kwa sababu ndicho kitu pekee katika ratiba yako ambacho hakiumi, na umejifunza mahali fulani kwamba kisichouma si kazi.

Hata hivyo sitaki nikusukume kurudi kama kwamba hakuna hatari. Vikundi vya namna hiyo vina kasoro zake. Mshauri rika ni mwanafunzi mwenzako aliyepewa mafunzo ya muda mfupi; anaweza kukusikiliza vizuri sana, lakini si mtaalamu, na mzigo kama ule wa sentensi niliyoanza nayo si haki kumtwisha yeye peke yake. Yanayosemwa kwenye duara la watu kumi na wawili yanaweza pia kutoka nje, kwa hiyo una haki ya kukaa, kucheza bao, na kueleza wiki yako kwa kiasi unachotaka tu. Tena kikundi nacho kinaweza kugeuka maficho mapya, mtu akawa anakwenda kila siku ya wiki kukwepa takwimu. Ukiamua kupumzika nacho hadi mitihani ipite, haitakuwa dhambi; ningeomba tu umwambie yule mama mkutubi kwa mdomo wako, badala ya kuzunguka rafu. Amekutendea wema, na kumkwepa kunakugharimu nguvu ambazo huna.

Tena yule mama unamhitaji kwa jambo jingine kabisa. Fedha ulizompa yule kijana wa kibanda, Sh30,000 kwa hesabu yangu, zingekulisha siku kadhaa. Tangu mwaka 2003 kuna mpango uitwao AGORA, unaosimamiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, ambao kupitia huo wachapishaji wakubwa wa majarida ya kilimo wamekubali kuzifungulia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida yao bure au kwa ada ndogo sana. Chuo ndicho kinachojisajili, na maktaba ndiyo inayotunza jina na nywila ya kuingilia. Kwa hiyo ukurasa unaokudai dola 39 ukiwa umeufikia kwa njia ya kawaida ya intaneti, unaweza kufunguka bila senti ukiupitia mlango wa maktaba. Kama chuo chako hakijajisajili, mkutubi ndiye atakayekuambia njia nyingine: majarida ya Kiafrika yaliyokusanywa kwenye tovuti ya AJOL, tasnifu za waliokutangulia, ambazo mara nyingi huwa kwenye rafu ambayo hakuna anayeifikia, na hata kumwandikia mwandishi wa makala barua pepe ya mistari mitatu kumwomba nakala. Watafiti wengi hufurahi kuombwa.

Unaniuliza mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaanzaje kuuliza. Nitakuambia jambo walilonieleza wakutubi wenyewe kwa miaka mingi: wanaouliza sana ni wa mwaka wa kwanza, ambao hawana aibu bado, na wahadhiri, ambao hawana aibu tena. Ninyi wa katikati ndio mnaonunua muhtasari vibandani.

Kuhusu ofisi ya mshauri nasaha, hofu yako siidharau. Kuiweka korido moja na nidhamu ni kosa la aliyepanga vyumba, na ungekuwa chuo changu ningelisema kwa sauti. Lakini chunguza kwanza kama mlango huo ndio njia pekee. Vyuo vingi huruhusu miadi kwa simu, au mshauri akubali kukutana nawe kituo cha afya, au hata kile chumba cha chini cha maktaba siku isiyo ya Jumatano. Yule dada mshauri rika atakuwa anajua. Na katika kikao cha kwanza una haki ya kuuliza kabla hujasema chochote: haya nitakayosema yanaandikwa wapi, nani anayasoma, na ni katika hali gani utalazimika kumwambia mtu mwingine? Mshauri mwenye sifa atakujibu bila kukasirika. Umwombe pia aiandikie ofisi ya malazi, kwa sababu wakati mwingine kitanda hupatikana katikati ya mwaka mwanafunzi mwingine anapohama, na barua ya mshauri huwa na uzito kuliko maombi ya mdomo.

Kuahirisha mwaka ndilo jambo zito, na ni wewe utakayeishi na uamuzi huo, wala si mimi wala rafiki yako. Wapo walioahirisha wakapona, wakarudi na kumaliza vizuri. Wapo pia waliokwenda nyumbani kupumzika, wakakuta jembe, harusi za ndugu na maneno ya jirani, na wakarudi wamechoka zaidi au hawakurudi kabisa. Kuahirisha kwa sababu za afya, kwa barua ya daktari na kwa idhini ya chuo, ni tofauti kabisa na kufungasha begi na kuondoka, ambako kunaweza kuhesabiwa kuwa umeacha chuo. Kabla hujatia saini popote, kaa na afisa mikopo wa chuo, kwa sababu kwa kawaida fedha za mkopo husimama wakati mwanafunzi amesimama, na unahitaji kujua kwa maandishi zitarudi vipi nawe ukirudi. Ulizia pia kama kuna njia ya katikati: kusogezewa tarehe ya kukabidhi utafiti, kwa mfano, au kufanya mtihani mmoja katika kipindi cha marudio kwa sababu za kiafya. Lakini ningependa maswali hayo uyaulize ukiwa umelala usingizi wa siku kadhaa mfululizo. Uamuzi wa kuondoka unaofanywa na mtu asiyelala huwa ni uamuzi wa mwili unaotafuta kitanda.

Nimebakiza mama yako. Umelichukua swali lake, "Unasoma, baba?", kama hati ya mashtaka inayosomwa kila Jumapili. Mimi nina watoto walionitoka nyumbani wakaenda mbali, kwenye mambo nisiyoyajua, na nakuhakikishia kwamba mzazi akipiga simu huuliza lile analolijua. Mwanangu wa pili alikuwa fundi wa minara ya simu, na kwa miaka mitatu nilimuuliza kila wiki kama mnara ni mrefu. Sikuwa na haja na urefu wa mnara. Mama yako hajawahi kuingia maktaba ya chuo. Hana swali la kukuuliza juu ya takwimu wala juu ya sapu, na pengine "unasoma" ndilo neno alilochagua kubebea yote mengine. Sijui kama yuko tayari kusikia kwamba umechoka. Nawe hujui, kwa sababu hujamwambia. Hatari ipo: anaweza kushtuka, akawaita wajomba, akauza kitu kingine ili akutumie fedha. Unaweza kuanza na kidogo, na kumwekea mpaka mapema: "Mama, nimechoka muhula huu, ninatafuta msaada hapa hapa chuoni, usiuze kitu."

Na kama hilo ni zito kwa Jumapili hii, kuna mlango mwingine. Unaandika juu ya wakulima wa mahindi wanaoitumia mifuko ya kinga njaa na wale walioiacha, na msimamizi wako amekutuma kwenye makala za dola 39, nawe una mkulima wa mahindi wa Kiteto anayekupigia simu kila wiki kwa gharama yake mwenyewe. Mwulize. Mwulize msimu huu amehifadhi vipi, kama aliwahi kuinunua hiyo mifuko, bei gani, kama panya waliitoboa, jirani wanasemaje. Kaa na kalamu. Kisha uniandikie alivyokujibu. Na ukinunua muda wa maongezi kwa ajili ya simu hiyo, nunua wa kutosha, maana nina hakika atakuwa na mengi.